Albamu za Soul, Bluzi na Jazi Zinazofaa Kusikilizwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Barazani Ngamiani, Tanga

Kila Jumamosi baada ya sala ya Isha tunakutana kwenye baraza la nyumba moja hapa Ngamiani, tunasikiliza albamu moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha tunaizungumza. Wageni wanaojiunga nasi huuliza maswali yanayofanana, na baadhi yake hurudi kila mwezi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ambayo tumezoea kuyatoa. Anayeanza kabisa aanzie juu, na mwenye shida ya jambo moja alitafute chini ya kichwa chake.

## Mambo ya msingi

Sijawahi kuusikiliza muziki huu. Nianze na albamu ipi?

Wengi watakuelekeza kwenye *Kind of Blue* ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Ni albamu kubwa, nami nimeieleza kwa kirefu hapa chini, lakini kwa mtu wa pwani sishauri ianze hiyo. Sisi tumelelewa na waimbaji. Sikio letu hutafuta kwanza sauti ya mtu, ndipo lisikie chombo.

Kwa hiyo anza na *Ella and Louis* ya mwaka 1956, ambamo Ella Fitzgerald na Louis Armstrong wanaimba nyimbo za mapenzi kwa kupokezana. Sauti ya Ella ni safi kama maji ya mtungi. Ya Louis inakwaruza, na kila anapomaliza ubeti hushika tarumbeta na kuendeleza maneno yaleyale bila maneno. Nyuma yao wako watu wanne tu: Oscar Peterson kwenye piano, Herb Ellis kwenye gitaa, Ray Brown kwenye besi na Buddy Rich kwenye ngoma. Ukiisikiliza mara tatu utaanza kumsikia Ray Brown bila kutafuta, na hapo ndipo sikio litakuwa limefunguka. Baada yake sikiliza *Live at the Regal* ya B.B. King, halafu *What's Going On* ya Marvin Gaye, ndipo uende kwa Miles Davis.

Jazi hii inahusiana vipi na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za hapa Tanga?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, hasa na wazee waliocheza dansi ujanani, na wana haki ya kuliuliza. Mtu aliyekulia kwenye gitaa la Jamhuri Jazz akiwekewa saksafoni ya John Coltrane huona kama ametapeliwa jina.

Katika nchi zetu neno "jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi yenye magitaa, saksafoni na tarumbeta, iliyopiga rumba na mitindo iliyotokana nayo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Morogoro Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz, na ndivyo ilivyokuwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, kwa OK Jazz ya Franco, iliyoanzishwa mwaka 1956. Rumba yenyewe ilitufikia kwa santuri kutoka Cuba. Jazi ya Marekani ilikulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, na shabaha yake ilikwenda njia nyingine: mpigaji hupewa wimbo, kisha hutakiwa kubuni wimbo mpya juu yake papo hapo, mbele ya watu, na usiku wa pili abuni mwingine.

Hata hivyo, hizi mbili ni ndugu. Ngoma zilizovushwa bahari pamoja na watu waliotekwa Afrika ziliiotesha rumba huko Cuba na zikaiotesha jazi huko New Orleans. Mpiga solo wa dansi anapoachiwa nafasi wimbo ukichangamka, akaanza kuzungusha vidole kwa namna ambayo hakuipiga jana, anafanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba yeye anawaangalia wanaocheza, na mwenzake wa New York mara nyingi anawaangalia waliokaa.

Bluzi si ule muziki wa kucheza taratibu mkiwa mmeshikana?

Kwenye kumbi zetu, ndiyo. Bendi ikipunguza kasi usiku wa manane, watu husema "sasa bluzi". Lakini bluzi ya Marekani ni umbo la wimbo, na inaweza kuwa ya taratibu au ya mbio.

Umbo lenyewe ni jepesi kulikumbuka. Ubeti una mistari mitatu: wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu. Muziki wake hutembea vipande kumi na viwili vyenye mapigo manne manne, juu ya kordi tatu, yaani mafungu matatu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja. Barazani huwa ninauonyesha kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe:

*Treni imeondoka Tanga, mpenzi wangu yumo ndani,*
*Nasema treni imeondoka Tanga, mpenzi wangu yumo ndani,*
*Nimebaki na vumbi la reli, na barua yake mkononi.*

Mstari wa pili haurudiwi kwa kukosa la kusema. Msikilizaji anapewa muda wa kuuhisi wa kwanza, na mwimbaji anapewa muda wa kuufikia wa tatu. Kila mstari unapoisha pana nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na gitaa. Ukilishika umbo hili utalisikia ndani ya jazi, ndani ya soul, hata ndani ya *Kind of Blue*.

Na soul ni nini basi?

Ni sauti ya kanisa la Wamarekani weusi iliyotolewa kanisani ikapewa maneno ya mapenzi na ya dunia. Katika miaka ya 1950 Ray Charles na Sam Cooke walifungua njia hiyo, na Cooke alitoka moja kwa moja kwenye kundi la nyimbo za dini, Soul Stirrers. Ilipofika miaka ya 1960 soul ilikuwa imevuka bahari. Wazee wetu wanakumbuka kwamba mwaka 1969 mamlaka za Dar es Salaam ziliupiga marufuku muziki huu kwenye kumbi za jiji hilo kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Naitaja habari hiyo kwa sababu wapo wanaodhani soul ililetwa kwetu jana na intaneti.

Kwa nini mnasisitiza albamu nzima? Kwa nini nisichague nyimbo nzuri tu?

Kwa sababu nyingi kati ya hizi zilipangwa zisikilizwe kwa mfuatano wake. Kabla ya mwaka 1948 santuri ya kawaida ilibeba kama dakika tatu kila upande, na mwanamuziki alilazimika kusema na kumaliza. Mwaka huo kampuni ya Columbia ilitoa santuri inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, yenye zaidi ya dakika ishirini kila upande. Wanamuziki walipopewa uwanja huo, wengine waliutumia kama mtunzi wa utenzi anavyozitumia beti. *What's Going On* ni mfano ulio wazi: nyimbo zake zinaunganishwa, mmoja ukiingia ndani ya mwingine, na aliyeuchomoa wimbo mmoja hubaki na kipande kisicho na kichwa.

Nasi tunafuata desturi ya kuigeuza santuri. Upande wa kwanza ukiisha tunakaa kimya kidogo, kahawa inapitishwa, ndipo upande wa pili unaanza.

## Jazi

Hakuna anayeimba. Nifuate nini?

Fuata chombo kimoja tu. Nikimkaribisha mgeni kwenye *Kind of Blue* humwambia aifuate besi peke yake, kwa sababu wimbo wa kwanza, "So What", umejengwa hivyo. Baada ya utangulizi wa taratibu wa piano na besi, Paul Chambers anapiga sentensi moja kwenye besi, na wenzake wanamjibu kwa milio miwili tu. Anauliza tena, wanajibu tena. Kwa watu waliokulia kwenye maulidi si jambo la kufundishwa: mmoja anasoma, wengi wanaitikia.

Kisha ngojea. Kama dakika moja na nusu tangu wimbo uanze, Miles anaingia na tarumbeta yake, na papo hapo Jimmy Cobb analigonga toazi moja kwa nguvu. Mlio wake haukatwi. Unatanda, unapungua, unakuwa kama mvuke juu ya muziki, na Miles anaanza kusema huku ukiwa bado hewani. Tumewahi kukirudia kipande hicho mara nne kwa usiku mmoja, na kila mtu aliyekuwapo aliinamisha kichwa mahali palepale.

Albamu hiyo ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Miles aliwapa wenzake michoro michache ya ngazi za sauti badala ya msururu wa kordi, ili kila mmoja awe na nafasi pana ya kubuni. Wenzake hao walikuwa John Coltrane na Cannonball Adderley kwenye saksafoni na Bill Evans kwenye piano, isipokuwa wimbo mmoja aliopiga Wynton Kelly. Nyimbo ni tano. Wasikilize Coltrane na Adderley wanapofuatana: mmoja anachimba, mwingine anacheka.

Mbali na Miles Davis, jazi ya 1959 ina nini kingine?

Mwaka huohuo ulitoa *Time Out* ya Dave Brubeck, yenye wimbo "Take Five" uliotungwa na Paul Desmond kwa mapigo matano badala ya manne. Vijana wanaopiga ngoma hupenda kuuhesabu kwa vidole. Ulitoa pia *Mingus Ah Um* ya Charles Mingus, ambayo mimi naipenda zaidi. Ndani yake mna "Goodbye Pork Pie Hat", maombolezo ya Lester Young, mpiga saksafoni aliyefariki Machi mwaka huo.

Je, *A Love Supreme* ni albamu ya Kikristo?

Ni albamu ya kumshukuru Mungu, na John Coltrane hakuifunga ndani ya dini moja. Mkewe wa kwanza, Naima, alikuwa Mwislamu, na mpiga piano wake, McCoy Tyner, naye alisilimu akachukua jina la Sulaimon Saud. Barua aliyoiandika Coltrane kwenye jalada inaanza kwa kumsifu Mungu kwa maneno ambayo Mwislamu yeyote atayaona yapo jirani kabisa na alhamdulillahi.

Ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964, ikatoka mwaka 1965. Ni dakika 33 zilizogawanywa sehemu nne. Baada ya utangulizi mfupi Jimmy Garrison anapiga sauti nne za besi, na Coltrane anazichukua hizo nne akazipitisha katika kila ngazi, juu na chini, mpaka pale sauti za watu zinapoingia na kulitamka jina la albamu kwa mdundo uleule.

Sehemu ya mwisho inahitaji maandalizi. Coltrane aliandika shairi refu, likachapishwa kwenye jalada, na katika sehemu hiyo saksafoni inalisoma shairi lenyewe, silabi kwa silabi, bila mtu kutamka. Sisi tulifanya hivi: mwenzetu mmoja anayejua Kiingereza alilishika shairi chini ya taa na kulifuata kwa kidole huku santuri ikizunguka, nasi tukimtazama kidole. Kilipofika mwisho wa mstari, saksafoni nayo ilishusha pumzi. Aliendelea hivyo hadi mstari wa mwisho, akalikunja karatasi, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Kuna Waislamu wengine miongoni mwa wanamuziki hawa?

Wapo wengi. Ahmad Jamal, mpiga piano aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1930, alisilimu akiwa kijana. Albamu yake *At the Pershing: But Not for Me*, iliyorekodiwa hotelini Chicago Januari 1958, ilikaa kwenye orodha ya zinazouzwa zaidi kwa zaidi ya wiki 100. Ukimya anaouacha kati ya sauti moja na nyingine ulimfundisha hata Miles Davis. Yusef Lateef alipiga saksafoni, filimbi na zumari la Kizungu liitwalo obo; itafute *Eastern Sounds* ya mwaka 1961.

Mimi ni mtu wa taarab. Hapa kuna changu?

Kipo. Tafuta *Jazz Sahara* ya mwaka 1958. Mwenyewe ni Ahmed Abdul-Malik, aliyekuwa mpiga besi wa mpiga piano Thelonious Monk na ambaye pia alipiga udi. Kwenye albamu hiyo kanuni na fidla zinakaa pamoja na saksafoni ya Johnny Griffin, na mtu aliyekua akivisikia vikundi vya Black Star na Lucky Star kwenye harusi za Tanga atavitambua vyombo kabla hajausoma jalada. Si kwamba Griffin anaipiga maqamu, ngazi za sauti za Kiarabu, kama mtu wa Cairo, anabaki Mchicago. Raha iko katika kuwasikia wanavyotafutana.

Kwa mpenzi wa sauti ya Shakila, mwimbaji wa taarab aliyejua kuuchukua ubeti mmoja akaukawiza mpaka msikilizaji apate uchungu, ningemkabidhi *Pastel Blues* ya Nina Simone, ya mwaka 1965. Wimbo wa mwisho, "Sinnerman", unapita dakika kumi.

Ni kweli kuna albamu ya jazi yenye Kiswahili?

Ni kweli, na ningependa kila nyumba ya Tanzania iwe nayo. Mpiga piano Randy Weston aliirekodi *Uhuru Afrika* New York mnamo Novemba 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilijipatia uhuru. Aliutaka muziki uliosema kwa lugha ya Kiafrika, akakichagua Kiswahili. Mwanzoni mnasikika shairi la uhuru la Langston Hughes likisomwa kwa Kiswahili na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijajitawala. Ilingoja hadi Desemba 1961. Muziki ulipangwa na Melba Liston, mwanamke aliyepiga tromboni, na kwenye ngoma yumo Babatunde Olatunji wa Nigeria. Sehemu ya nne inaitwa "Kucheza Blues".

Mara ya kwanza tulipoipiga barazani, mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele ndani alitoka na ungo mkononi akauliza ni redio gani ile. Alikuwa amesikia lugha yake katikati ya matarumbeta ya watu. Alikaa mpaka mwisho.

Albamu ya pili ni *Mwandishi* ya Herbie Hancock, ya mwaka 1971. Haina maneno ya Kiswahili ndani yake, lakini wanabendi walichukua majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester akawa Pepo Mtoto, na Eddie Henderson akawa Mganga, jina lililomstahili kwa kuwa alikuwa daktari aliyesomea. Muziki wake ni mgumu kuliko yote niliyoyataja. Usianze nao.

## Bluzi

Rekodi za Robert Johnson zinakwaruza sana. Ni santuri yangu iliyoharibika?

Hapana. Nyimbo zake 29 zilirekodiwa Texas mwaka 1936 na 1937 kwenye mitambo ya wakati huo, na mkwaruzo umo ndani ya chanzo. Alifariki mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Albamu iliyomtambulisha kwa ulimwengu, *King of the Delta Blues Singers*, ilitoka mwaka 1961. Isikilize kwa utulivu kwa dakika kumi, na sikio litajifunza kuuweka mkwaruzo kando kama linavyouweka kando upepo wa kaskazi. Utakachobaki nacho ni mtu mmoja mwenye gitaa moja linalosikika kama mawili, kwa kuwa kidole gumba kinapiga besi na vingine vinaimba.

Ni kweli alimuuzia shetani roho yake ili ajue gitaa?

Swali hili halikosekani, maana hadithi za majini hapa si ngeni. Ni hadithi tu, na ilisimuliwa juu ya wengine kabla yake. Waliomfahamu walieleza kwamba aliondoka akiwa mpigaji dhaifu, akarudi akiwa hodari. Katika muda huo alikuwa akijifunza kwa mpiga gitaa mzoefu, Ike Zimmerman, na inasemekana walifanyia mazoezi makaburini usiku kwa sababu hapakuwa na wa kumsumbua. Hadithi ya shetani inaniudhi kidogo, kwa kuwa inamnyang'anya kijana maskini jasho lake.

Napenda muziki uliochangamka. Bluzi yote ni huzuni?

Si yote. Muddy Waters alihama Mississippi mwaka 1943 kwenda Chicago, akalichomeka gitaa kwenye umeme ili lisikike ndani ya kelele za jiji. *At Newport 1960* ni ushahidi wa watu wazima waliokuja kukaa vitini wakaishia kusimama.

*Live at the Regal* ya B.B. King, iliyorekodiwa Chicago tarehe 21 Novemba 1964, ndiyo albamu ya bluzi ninayoipendekeza kwanza. Sikiliza jambo moja: anapoimba, gitaa lake aliloliita Lucille linanyamaza, anapofunga mdomo, gitaa linazungumza. Havisemi pamoja. Na baina yao wako wanawake wa ukumbini wanaopiga kelele kama vigelegele vya harusi, naye anawajibu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, alipiga Kinshasa katika tamasha lililowakutanisha James Brown, Bill Withers, Miriam Makeba na bendi ya Franco.

Mbona bluzi inafanana na muziki wa Mali?

Wengi wamelisema hilo. Sikiliza *Talking Timbuktu* ya Ali Farka Touré na Ry Cooder, ya mwaka 1994, kisha urudi kwa John Lee Hooker, mpiga bluzi wa Marekani aliyeweza kukaa kwenye kordi moja wimbo mzima. Kuhusu undugu wa ng'ambo mbili za bahari, tazama jibu la Atomic Jazz hapo juu.

## Soul

Albamu ipi ya Aretha Franklin ni bora?

Zipo mbili, na hazishindanishwi. *I Never Loved a Man the Way I Love You* ya mwaka 1967 inafunguliwa na "Respect". Wimbo huo ni wa Otis Redding, ambaye kwake mwanamume anadai heshima akirudi nyumbani. Aretha aliugeuza, ukawa dai la mwanamke, na tangu hapo hakuna anayeukumbuka kwa namna nyingine. Akina mama wanaokuja barazani huutaka urudiwe, nasi huwa tunavunja kanuni.

*Amazing Grace* ilirekodiwa kanisani Los Angeles kwa siku mbili za Januari 1972, pamoja na Mchungaji James Cleveland na kwaya. Aretha, binti wa mhubiri, alirudi alikolelewa. Mtu wa dini yoyote anaweza kuisikiliza kwa sababu kilicho wazi zaidi ndani yake ni sauti za waliohudhuria: wanahimiza, wanalia, wanamwita. Ukiijua kwaya ya sharika zetu, utajua mara moja uko wapi.

*What's Going On* inazungumzia nini?

Inazungumzia askari anayerudi nyumbani na kuikuta nchi imekunja uso. Frankie, nduguye Marvin Gaye, alikuwa amerejea kutoka vita vya Vietnam, na mengi ya albamu yalitokana na aliyoyasimulia. Mkuu wa kampuni ya Motown, Berry Gordy, aliusitasitia wimbo wake mkuu. Ulipotoka ukauzwa sana, na albamu ikafuata Mei 1971. Mna vita, dawa za kulevya, bahari iliyochafuliwa, dua. Marvin anaimba juu ya sauti yake mwenyewe, mbili kwa pamoja, kama mtu anayejibizana na nafsi yake. Besi ya James Jamerson ndiyo inayoibeba sehemu kubwa ya nyumba. Ikiwa una dakika 35 tu kwa wiki kwa ajili ya muziki, zitoe hapa.

Nyingine za soul?

*Otis Blue* ya Otis Redding, iliyorekodiwa Memphis mwaka 1965 karibu yote ndani ya saa 24. *Live at the Apollo* ya James Brown, ya 1963, ambayo gharama zake za kurekodi alizitoa mfukoni mwake. *I'm Still in Love with You* ya Al Green, ya 1972, kwa usiku wa mvua. *Songs in the Key of Life* ya Stevie Wonder, ya 1976, ni ndefu mno kwa kikao kimoja. Tuliigawa Jumamosi mbili.

Sijui Kiingereza. Nitaelewa?

Utaelewa sehemu kubwa. Wangapi kati yetu waliimba nyimbo za Kilingala miaka yote bila kujua neno? Kabla ya albamu zenye maneno mazito, kama ile ya Marvin Gaye, mmoja wetu hueleza kwa Kiswahili kila wimbo unasema nini, kwa sentensi mbili tatu, kisha ananyamaza.

## Vifaa na utaratibu

Sina mtambo wa santuri. Simu inatosha?

Inatosha, kwa sharti moja: tumia spika za masikioni au uiunge na spika kubwa. Spika ndogo ya simu haitoi besi, na nimeeleza hapo juu kwamba besi ndiyo mlango. Pakua albamu nzima mahali penye mtandao mzuri badala ya kumaliza bando kwa kuisikiliza ikipakuliwa, na uzime uchezaji wa kuchanganya, vinginevyo mfuatano utavurugika.

Santuri zangu zina madoa meupe. Nifanye nini?

Hiyo ni kuvu, ugonjwa wa mji wa bahari. Pangusa kwa kitambaa laini na maji safi, ukifuata mzunguko wa mistari, usikate katikati, na karatasi ya duara ya kati isilowe. Ikaushe kabisa kabla ya kuirudisha kwenye mfuko. Zisimamishe wima, mbali na ukuta wenye unyevu, na kamwe usizilaze kwa kurundika.

Jihadhari pia na joto. Nilitumiwa *Otis Blue* kwa basi kutoka Dar es Salaam, ikawekwa juu ya kifuniko cha injini. Nilipoipokea ilikuwa imepinda kama kaimati iliyokaliwa. Sindano inapanda na kushuka, na sauti ya Otis inayumba. Tangu hapo santuri husafiri mapajani mwa mtu.

Adhana ikisikika mnafanya nini? Na Ramadhani?

Sauti inazimwa mpaka adhana iishe. Mwezi wa Ramadhani hakuna kikao. Tunarejea Jumamosi ya kwanza baada ya Idi.

Watoto wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa, na ndio wanaosikiliza vizuri zaidi. Isipokuwa wasiguse sindano.

## Maswali ya pembeni

Nina nakala mbili za *Kind of Blue* na hazilingani sauti. Ipi ni sahihi?

Sikio lako ni zuri. Mtambo mmoja wa kurekodi ulikuwa ukizunguka polepole katika kikao cha Machi, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa zimepanda kidogo kuliko zilivyopigwa. Kosa lilirekebishwa kwenye matoleo ya miaka ya 1990. Aliyejifunza kupiga tarumbeta kwa kufuata nakala ya zamani alikuwa akijiuliza chombo chake kina kasoro gani.

Kwa nini vitabu hutaja miaka tofauti kwa albamu moja?

Kwa sababu kurekodi na kutoa si jambo moja. Mfano wa mbali zaidi ni Sam Cooke: *Live at the Harlem Square Club, 1963* ilirekodiwa Miami Januari 1963, ikakaa kabatini hadi 1985. Cooke alikuwa amefariki mwaka 1964.

Mbona mnaisifu *Lady in Satin* ya Billie Holiday ilhali sauti yake ilikuwa imechakaa?

Suala hili limetugawa na halijaisha. Albamu ilitoka mwaka 1958, na Billie alifariki Julai 1959 akiwa na miaka 44. Sauti imekauka, baadhi ya mistari inakatika, na nyuma yake imetandikwa okestra ya fidla laini ya Ray Ellis. Wenzangu wawili wanasema ni kumwonea mgonjwa, na kwamba anayetaka kumjua Billie asikilize rekodi zake za miaka ya 1930 alizopiga na Lester Young. Hizo ni nzuri kweli, na ninazileta mara kwa mara.

Lakini mimi nashikilia *Lady in Satin*. Kila neno analitamka kana kwamba analipima uzito kabla ya kuliachia, na pale sauti inapokataa kupanda yeye haidanganyi, anabaki chini na kulisema neno palepale lilipo. Jumamosi iliyopita tuliisikiliza tena. Upande wa pili ulipoisha, mmoja wa wale wawili wanaoipinga ndiye aliyeinuka, akaushika mkono wa sindano, akaurudisha kwenye wimbo wa kwanza.